Kurasa Zilizobanwa kwa Pini

"Shangazi amefariki."

Aliyeleta habari alikuwa Pasi. Alisimama mlangoni mwa karakana, redio yake ndogo kaikumbatia kifuani, machozi yakimtiririka waziwazi, mwanaume mzima mwenye mabega ya kubebea marobota. Walimwita Pasi kwa sababu kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo, na pia, kama walivyopenda kumtania, kwa sababu alipata moto haraka na kupoa haraka.

Futi, mwenye karakana, aliinua kichwa. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka jioni, na jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika siku nyingi. "Pole sana, kijana wangu," alisema. "Nenda kazike. Ila usikawie, shule zinafunguliwa."

"Si shangazi yangu, mzee. Ni shangazi yetu. Yule wa vitabu."

Vyerehani vikanyamaza kimoja baada ya kingine, kikabaki kile cha dirishani ambacho mwenyewe alikuwa mzito wa kusikia, naye akaguswa begani.

Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumtia machoni mwandishi yule. Walimjua kwa picha tu, nyuma ya vitabu vyake: mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani, anakutazama kama vile umechelewa kurudi nyumbani na yeye anasubiri uongo utakaomwambia. Ndiyo maana wakamwita Shangazi. Na vitabu vyake vilikuwa hivyo hivyo. Vinakusema, vinakusuta, vinakuchekesha, halafu vinakutandikia pa kulala. Walikuwa wamelia naye na kugombana naye. Mama wa mashine ya pindo aliwahi kumnunia mwezi mzima kwa kumwozesha msichana mzuri kwa mlevi. Leo mama huyo huyo alijifunika uso kwa sketi ambayo hajaipiga pindo, akalia kama amefiwa na ndugu wa tumbo moja.

"Mungu amlaze pema," alisema Futi. Kila siku mzee huyu alidai kwamba hasikilizi hadithi, kwamba yeye hukaa pale saa ya vifungo kuangalia watu wasilale. Sasa aliivua futi shingoni, akaikunja, akaiweka mezani. Hawakuwa wamezoea kumwona shingo tupu, na kumwona hivyo kuliwazidishia kilio.

Na Msomaji? Alikaa kwenye kigoda chake, mikono imekufa mapajani. Ni yeye aliyekuwa akimtolea Shangazi sauti mle karakanani miaka yote ile, na sasa alijiona kama mtu aliyebaki na funguo za nyumba ambayo wenyewe hawapo. Alilia kilio cha mtu asiye na la kujutia. Alikuwa bado hajajua kinachomjia.

Karakana ile ilishona sare za shule. Mchana kutwa mashine zilinguruma, mtu hasikii hata chafya ya jirani yake. Lakini ikifika saa ya mwisho kabla ya kufunga, vyerehani vilizimwa, kila mtu akavuta kiti katikati na rundo lake la mashati, wakashona vifungo na kumalizia pindo kwa mkono. Hiyo ndiyo saa ya vifungo. Mmoja alisoma kwa sauti, na rundo lake likagawanywa kwa wenzake. Kusoma wote walijua, hapakuwa na mbumbumbu pale. Ila Msomaji alikuwa na kipaji chake: akisoma mzee, mzee anakohoa, akisoma mlevi, unasogeza kiti nyuma.

Kitabu kilikuwa kimoja kwa wote, kikikaa kwenye mtoto wa meza pamoja na vifungo, na hakikwenda nyumbani kwa mtu. Ilikuwa mwiko kusoma mbele ya wenzio. Mtu kujisomea peke yake kitabu cha wote ilikuwa sawa na kudokoa nyama chunguni. Dada mmoja aliwahi kushikwa akichungulia ukurasa wa mwisho, wakamsusia mazungumzo mpaka akatubu kwa sauti mbele ya kadamnasi.

Bila mwiko huo, Msomaji asingeweza kufanya alichofanya.

Pasi aliiweka redio juu ya meza yake ya kazi, akaichomeka kwenye umeme, akaongeza sauti. Mtangazaji alikuwa anataja vitabu vya marehemu kimoja kimoja. Kisha akasema kwamba punde tu, baada ya taarifa ya habari, wasikilizaji wangesomewa ile sehemu ambayo hakuna msomaji wa Shangazi atakayeisahau, ya Nukta na mama yake muuza mkate.

"Nukta!" Pasi aliruka. "Jamani, watamsoma Nukta wetu!"

Nyuso zilizovimba kwa kilio zikachangamka kidogo. Msomaji peke yake hakuchangamka.

Sasa tumjue Bi Mkasi, kwa maana yote haya yalitokea kwa ajili yake. Alikuwa mkataji wa vitambaa, mrefu, mkavu, ulimi wake na chombo chake cha kazi vikiwa na makali yale yale. Alipanga vitambaa tabaka juu ya tabaka, akakata mara moja, na hakupotea hata upana wa uzi. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa kichekesho cha karakana nzima. Kila mwaka, msimu wa kufungua shule, katika mamia ya mashati aliyoyakata, moja lilizidi. Futi alihesabu, akarudia, akakuna kichwa. Shati hilo lilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango mpaka atokee mtoto linayemtosha. Mwaka huu hesabu ilikaa sawa, na asubuhi ile ile Futi alikuwa ametangaza kwa mbwembwe, "Jamani, Bi Mkasi amepona!" Wote wakacheka. Bi Mkasi hakucheka, lakini kucheka hakukuwa desturi yake.

Zamani alikuwa anacheka. Alikuwa na mtoto wa kiume, wa pekee, ambaye akitoka shule alikuja kujilaza juu ya marobota na kuuliza maswali mpaka watu wakaziba masikio. Alikuwa darasa la tatu homa ilipomchukua. Karakana nzima ilikwenda kuzika. Mama yake alirudi kazini mapema kuliko walivyotarajia, akashika mkasi, na tangu siku hiyo hakumtaja mtoto, na wao hawakuthubutu kumtaja mbele yake. Walisema ni heshima. Mimi naona ilikuwa woga, lakini woga wa watu wenye huruma.

Mwezi haukuwa umeisha tangu mazishi hayo walipofikia kitabu cha Nukta. Nukta alikuwa binti wa mama muuza mkate, kadogo ka umbo, mdomo hauna breki, na karakana nzima ilikuwa imempenda kama mtoto wao. Macho ya Msomaji yalizoea kutangulia mdomo wake kwa mstari mmoja au miwili, na jioni ile yakaona kinachokuja. Mama alimwita Nukta, na Nukta hakuitika. Msomaji aliinua uso. Mbele yake alikaa Bi Mkasi, jicho moja kalifumba, anajaribu kutia uzi kwenye sindano, na uzi unakosa tundu kila mara. Basi mdomo wa Msomaji, bila kumwomba ruhusa mwenyewe, ukasema: "Asubuhi ile mama alimwita Nukta, na Nukta akaitika. Homa ilikuwa imeshuka. Akaomba maji."

Karakana ikashusha pumzi. Bi Mkasi akapitisha uzi.

Kesho yake Msomaji aliwahi kabla ya wote, akatafuta mahali ambapo watu wa kitabuni wanaacha kulia, na kurasa zote za katikati akazibana kwa pini za kushonea, moja juu na moja chini. Kazi ya kutunga ikaanza hapo. Nukta akapelekwa shule ya bweni. Katika vitabu vilivyofuata, ambamo Shangazi aliendelea na habari za muuza mkate, Msomaji akawa anapachika salamu zake mwenyewe: Nukta amefaulu, Nukta amerefuka, Nukta hawezi kuja likizo, ana mitihani.

"Mitihani gani hiyo kila likizo?" Pasi alikuwa akilalamika. "Huyo mwalimu mkuu ana roho mbaya."

Msomaji hakuona ubaya wowote. Alimtazama Bi Mkasi akishona vifungo kwa utulivu, akajiambia, huyu nimemwepushia. Kwa kweli alijipongeza.

Sasa taarifa ya habari ilikuwa inakwisha.

"Hebu zima hiyo redio," alisema Msomaji.

"Nizime?" Pasi alimtumbulia macho. "Siku kama ya leo?"

"Ni aibu, jamani. Shangazi ni wetu, kitabu tunacho, halafu tukae tusomewe na redio? Tufunge mashine mapema, nisome mwenyewe. Nitasoma chochote mnachotaka."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Vichwa vilianza kutikisika kukubali, na Futi mwenyewe alinyoosha mkono kuelekea kwenye redio. Msomaji alianza kupumua.

"Iacheni," alisema Bi Mkasi kutoka kwenye meza yake ya kukatia. "Nataka kumsikia huyo mtoto kwa sauti nyingine."

Aliyesoma alikuwa mwanaume mwenye sauti nzito, asiye na haraka. "Asubuhi ile mama alimwita Nukta, na Nukta hakuitika. Akamwita tena kwa jina lake lote, lile la kumgombezea. Kisha akaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, akakaa hivyo akisubiri, mpaka unga ukakauka mikononi mwake." Akanyamaza. Ukaingia muziki wa msiba.

"Wamekosea," alisema Pasi.

Akawageukia wenzake.

"Si wamekosea? Nukta yuko bweni. Dada Msomaji, si ana mitihani?"

Msomaji alitazama sakafu, vipande vya nyuzi vilivyotapakaa, kifungo kimoja cheupe chini ya mguu wa kiti. Kimya chake kilitosha. Watu wakamtazama yeye, kisha wakamtazama Bi Mkasi, kisha haraka haraka wakaangalia pembeni, na kwa kuangalia pembeni huko wakawa wamesema yote.

Bi Mkasi aliuweka mkasi chini. Alitembea mpaka kwenye mtoto wa meza, akasukuma vifungo kando, akakitoa kitabu cha Nukta. Kilijifungua chenyewe pale kurasa zilipobanwa. Akazigusa pini, zilikuwa zimeshika kutu.

"Pini zangu hizi," alisema. "Nilizitafuta sana."

"Dada, nisamehe. Nilikuonea huruma. Ulikuwa ndiyo kwanza..."

"Malizia. Ndiyo kwanza nini?"

"Ndiyo kwanza umemzika mtoto."

Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya chumba kile. Mama wa mashine ya pindo alijishika mdomo.

"Kwa hiyo ukaona nisije nikasikia kwamba watoto wanakufa," alisema Bi Mkasi. Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepandisha. "Mimi. Ulidhani hiyo kwangu ni habari mpya? Unajua nilikuwa nafikiri nini nilipokuwa nakaa pale na sindano? Nilikuwa nafikiri, kumbe hata vitabuni wa wenzangu wanapona. Nimemchukia yule muuza mkate. Kila Nukta akileta salamu, mimi namchukia mama yake. Na huyo Shangazi wenu nimemchukia vilevile, kwa kumpendelea. Leo mnalia, mimi nimeshindwa hata kulia naye."

Msomaji alikuwa amefunika uso kwa viganja. Alitamani aingie chini ya meza, alitamani apigwe. Alikumbuka jioni zote zile alizomtazama mwenzake ametulia, akafurahi moyoni, kumbe mwenzake alikuwa anaungua.

"Acha kulia, mdogo wangu," alisema Bi Mkasi, akamwekea kitabu mapajani. "Soma."

"Nisome nini, dada? Umeshasikia."

"Nimesikia alivyokufa. Kufa najua kunavyokuwa. Nataka kujua kesho yake. Huyo mama alipomaliza kuzika, watu wakatawanyika, kesho yake aliamkaje?"

Msomaji alizigusa pini. "Sijui," alisema. "Nilizibana bila kuzisoma."

Aibu hiyo ilimuuma kuliko ile ya kwanza.

Futi hakusema lolote kuhusu kazi wala kuhusu shule kufunguliwa. Alikwenda kuzima umeme wa vyerehani, ingawa jua lilikuwa bado la mchana, kisha akavuta kiti chake katikati, na wengine wakavuta vyao. Hakuna aliyechukua rundo la mashati. Msomaji alizichomoa pini. Zilikuwa zimegandia kwenye karatasi, zikaacha matundu yenye doa la kahawia.

Akasoma. Mwanzoni sauti ilikwama, akakohoa, akaanza upya. Safari hii hakuigiza mtu yeyote.

Katika kurasa zile, Shangazi alieleza kwamba kila alfajiri muuza mkate alikuwa na mazoea ya kukusanya unga uliobaki mezani na kuoka mkate mdogo wa Nukta. Siku aliyorudi kazini baada ya mazishi, mikono yake iliuoka mkate ule bila kumuuliza. Akasimama akiutazama. Hakuwa na moyo wa kuula, wala wa kuutupa. Akampa mtoto wa kwanza aliyepita njiani. Kesho yake mikono ikaoka tena, na kesho kutwa yake, mwezi, msimu, mwaka. Wateja walidhani ameharibikiwa kipimo cha unga, wakamtania, naye akawaacha watanie. Mpaka ikafika asubuhi moja, mikate yote imekwisha kupangwa, akaona kuwa ule mdogo haupo. Mkono ulikuwa umesahau.

"'Siku ya mazishi,'" Msomaji alisoma, "'alilia kama watu wanavyolia. Siku hiyo ya mkate alilia kama aliyeua.'"

Futi ndiye aliyeelewa kwanza. Taratibu, kama mtu anayeogopa kuonekana, aligeuza shingo yake tupu akautazama msumari nyuma ya mlango. Haukuwa na kitu. Mmoja mmoja, nao wakageuka.

"Nilikuwa nampandishia saizi," alisema Bi Mkasi. "Kila mwaka. Mabega nilikuwa nakisia kwa baba yake, alikuwa na mabega mapana." Alikuwa amekiinamia kitabu mapajani mwa Msomaji, akizungumza huku akilisugua lile doa la kutu kwa kidole, kana kwamba lingetoka. "Mwaka huu angekuwa amemaliza shule. Nilisimama pale mezani na kitambaa, nikaona hakuna saizi nyingine ya kwenda. Nikakata za watoto wa watu tu."

Kisha akamwangalia Futi. "Si ulisema nimepona?"

Mzee yule aliinuka. Akaichukua futi mezani, akaizungusha mkononi. Pasi, ambaye machozi yake kwa kawaida hayakuhitaji mwaliko, sasa alikaa macho makavu, mikono kati ya magoti. Mashati yale mengi alikuwa ameyanyoosha yeye, na ya msumarini pia, kila mwaka, kola mpaka kwenye mikono, huku akipiga mluzi.

Hapo ndipo Bi Mkasi alipolia. Hakulia kwa staha. Alilia mdomo wazi, kamasi zikimtoka, akijipigapiga paja, kilio ambacho wale waliokwenda mazishini miaka ile hawakukisikia kule. Mama wa mashine ya pindo aliinuka amkumbatie, akasukumwa, akarudi, akakubaliwa. Redioni mtangazaji alikuwa anasema nchi imepoteza hazina. Pasi akaichomoa kwenye umeme.

Kilio kilipopungua, Bi Mkasi alijifuta kwa kipande cha kitambaa cha sare. Akakichukua kitabu, akakigeuza, akaitazama picha ya nyuma, yule mwanamke na miwani yake iliyoshuka puani.

"Alijuaje?" aliuliza.

"Nani, dada?"

"Huyu. Habari ya mkono. Mimi sikumwambia mtu, hata mume wangu hakujua, mpaka akafa. Huyu alijulia wapi? Labda na yeye..." Hakumalizia. Aliipapasa ile picha, akalifuta tone la chozi lililodondokea pale. "Hata jana alikuwa hai, mdogo wangu. Miaka yote hii alikuwa hai, anakula, analala, anwani yake imeandikwa hapa chini. Ningemfuata. Ningekaa naye tu, nimuulize."

Msomaji alitafuta la kumwambia. Maneno yalikuwa ni kazi yake. Alijua kuyapachika mahali popote, hata ambapo hayakuwepo. Safari hii hakupachika kitu.